Mboni wa Marehemu Yupo Hewani

"Kuanzia Kivinje mpaka Mchinga, hakuna maiti atakayezikwa kabla Mboni hajawachekesha waliomlilia!"

Maneno hayo aliyasema mwenyewe, Mboni binti Shamte, kwa mdomo wake, kwenye kipaza sauti, mbele ya ukumbi mzima kule Masoko, siku aliyopewa zawadi ya kishikwambi kwenye shindano la vijana na sanaa za mtandaoni. Mgeni rasmi, mtu wa kuja asiyejua mambo ya huku, alipiga makofi mawili, akasita, akamgeukia katibu wake amwelekeze kama hapo panachekwa au panasemwa astaghfirullah. Ukumbi ulikuwa umeshaanguka kwa kicheko. Wenyeji walijua binti anaongea nini. Anaongea utani.

Ukoo wa akina Mboni na ukoo wa akina Fakihi, wote wa Kilwa Kivinje, ni watani. Inasemekana zamani walipigana mpaka wakachoka, wakaona kutukanana kuna nafuu kuliko kuchinjana, na tangu hapo hawajapumzika. Akifa mtu wa upande huu, wa upande ule ndio wanaofika wa kwanza. Wanachota maji, wanapasua kuni, wanashika jembe, wanapika. Na kwa jasho hilo wanapata ruhusa ambayo hata mtoto wa marehemu hana: kumsema marehemu. Wanavaa nguo zake, wanatembea mwendo wake, wanaiba sufuria ya wali mpaka wafiwa waikomboe, wanajilaza mlangoni jeneza lisipite. Mfiwa aliyekuwa analia anajikuta kamasi na kicheko vinamtoka pamoja, na hapo ndipo tonge la kwanza linapopita kooni.

Katika kazi hiyo Mboni hakuwa na mpinzani. Mkate wake aliupatia kwenye hina na piko, kuchora mikono ya maharusi, lakini jina alilipatia misibani. Alipokufa Mzee Yassin, baba yake Fakihi, bahili aliyekuwa akizima taa watu wakiwa bado wanakula, Mboni alichoka kuigiza akakaa kwenye kinu akatoa simu. Kwa kidole kilekile cha hina akamchora mzee: ameinuka kwenye jeneza, sanda imemkaa begani, anawafokea wabebaji wazime kwanza balbu ya msikitini. Akamrushia Fakihi. Fakihi akampelekea mama yake, Bi Somoe, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka wa wajane hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri.

Bi Somoe aliitazama ile picha. Akashika mbavu. "Ndiye!" akasema. "Wallahi ndiye! Hata kidole anavyokinyoosha! Mboni, mwanaharamu we, Mungu akulaani!" Halafu akaomba uji.

Kwa mtani, hiyo ni shahada. Nyingine Mboni hakuwa nayo.

Picha ya Mzee Yassin ilitembea kuliko Mzee Yassin alivyotembea uhai wake wote. Ikafika Dar, ikafika Mtwara, ikafika mpaka Maskati kwa wajukuu wa Kivinje wasioijua Kivinje. Watu wakaanza kumtafuta: nami nina wangu, nami nichoree wangu. Mboni akafungua ukurasa, akauita Marehemu Yupo Hewani. Mtu alituma picha ya marehemu na sauti ya kueleza tabia zake, Mboni alichora, halafu wafuasi walishuka kusahihisha. Kofia alikuwa anaivalia upande. Ongeza kikohozi. Huyu hakuwahi kufunga kamba za viatu. Mboni alirekebisha na kurudisha, mpaka mtu fulani aandike, "Ndiye." Ndugu waliogombania shamba la korosho mpaka wakaacha kusalimiana walikutana pale chini ya picha ya bibi yao, mmoja akakumbusha jinsi alivyokuwa akila ugoro, mwingine akajibu kwa kicheko, kesho yake wakapigiana simu. Ukurasa ule uliponya watu, hilo asiliondoe mtu.

Msaidizi wake alikuwa Witness, binti wa Kimakonde wa Mchinga, muuza vocha na mchaji simu za watu, ambaye kwa kazi hiyo alikuwa hewani saa zote. Hawajawahi kuonana uso kwa uso. Witness ndiye aliyeweka masharti: anayetuma picha lazima awe mtani wa marehemu, watoto wadogo hawachorwi, na hakuna picha inayopanda kabla waliofiwa hawajaambiwa wote. Mboni aliyakubali kwa moyo mmoja. Mwanzoni.

Maana ukurasa nao una njaa yake. Ukiulisha leo, kesho unakuamkia na bakuli. Mboni alianza kuchelewa misibani kwa sababu kuna picha anaimalizia. Halafu akawa anafika, anachora, anaondoka kabla ya vyombo kuoshwa. Halafu kwa misiba ya mbali akaacha kwenda kabisa, akawa anatuma picha tu, na watu wakacheka vilevile, kwa hiyo nani angelalamika?

Fakihi alilalamika, kwa lugha ya kwao.

"We kunguru," alimwita siku moja barazani kwa mama yake Mboni, "siku hizi unazika kwa bando?"

"Nawe mchawi, unaumia nini? Ukifa nitakuchora na meno yote, uende mzuri."

"Na maji ya kunioshea atachota nani, huo mtandao?"

"Kwani ulipokuwa hai uliyazoea maji?"

Mama yake Mboni alikuwa kwenye kirago chake ukutani, miguu imevimba kwa ugonjwa wa moyo, akicheka kwa uangalifu kwa sababu kucheka sana kulimkata pumzi. Daktari alikuwa ameshasema maneno yake, na mama aliyasikia akayaelewa. Kufa hakukumtisha. Alichokiogopa ni kuzikwa kimya, kama mpita njia aliyekutwa amekufa kituoni, asiye na mtu wa kumtukana.

"Fakihi, baba," akasema, "siku yangu ikifika usije ukanionea huruma."

"Nikuonee huruma wewe, bibi kizee? Kanga zako zote nimeshazitafutia mteja. Nitavaa ile ya njano nikatike nayo mpaka makaburini."

"Uniapie."

"Naapa. Na huyu kunguru wako nitamlipisha kila sahani."

Mama akafumba macho kwa raha. Mboni alikuwa ameinamia kishikwambi, anasahihisha kikohozi cha mtu wa Songea.

Abilahi, mdogo wake Fakihi, alikufa asubuhi ya Alhamisi. Alikuwa dereva wa bodaboda pale Nangurukuru, kijana wa maneno mengi, anayemfuata abiria mpaka chooni. Lori la mizigo lilimvaa akiwa anaingia barabarani, na hapakuwa na cha kupeleka hospitali. Fakihi alimpigia Mboni kabla ya kuwapigia baba zake wadogo, maana ndivyo inavyotakiwa: mtani aambiwe mapema, apate kutangulia na ndoo.

"Mboni," akasema. Hakumwita kunguru. "Abilahi katangulia. Mama hajui. Yuko Kiranjeranje kwa dada yake, wanavuna ufuta. Tumemwambia mtoto kazidiwa, apande gari aje. Wazee watamsubiri pale njia panda, wamketishe, wamwambie."

"Nimeelewa."

"Umeelewa?"

"Fakihi, mimi si mtoto."

Alielewa kweli. Pwani nzima ya huku inaelewa. Mama haambiwi kwa simu kwamba mwanawe amekufa. Anaambiwa kazidiwa, anasafiri na tumaini lake kwenye kipochi, na mwisho wa safari anakuta watu wazima wawili watatu wenye sauti za chini, wanawake wamekaa tayari kumdaka. Kila anayesafirishwa hivyo huwa anajua nusu, na ile nusu nyingine ndiyo inayomfikisha.

Mboni alibeba ndoo, akatoka. Njiani simu ikawa haipumui. Wenzake Abilahi wa kijiweni walikuwa wameshavujisha, wafuasi wanauliza, Mboni vipi, huyu si mtani wako wa damu? Mbaya zaidi, kulikuwa na kijana wa Lindi aliyefungua ukurasa wake wa kuiga, Kaburi TV, na wiki iliyopita alimwahi Mboni kwa msiba wa Kivinje hapahapa, akamchora marehemu kwa mikono miwili ya kulia, na watu wakamsifu. Jambo lile lilikuwa bado linamchoma. Sasa ampore na Abilahi? Abilahi aliyemjua tangu anatambaa?

Akakaa kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, akachora. Ilimtoka kama maji. Abilahi ameketi kwenye ukingo wa kaburi, kofia ngumu kichwani, koti la kung'aa juu ya sanda, anamwita malaika: "Bosi, twende? Mmoja tu tunaondoka!"

Akamtumia Witness kwanza. Witness akapiga simu.

"Dada Mboni, hii ni kali. Ila mama yake ameshaambiwa?"

"Bado yuko njiani."

"Basi tusubiri."

"Witness, Bi Somoe ana kitochi. Kile cha tochi na redio. Kitochi kinafungua picha?"

"Hakifungui."

"Sasa?"

"Dada, sharti tuliliweka sisi wenyewe."

"Sharti ni la watu tusiowajua. Hawa ni watani zangu. Nina haki."

Na haki alikuwa nayo, hapo ndipo penye uchungu. Hakudanganya, hakuvamia msiba wa watu. Alipiga hesabu ya mtu wa Kivinje anayemjua kila mtu na simu yake: Bi Somoe ana kitochi, kitochi hakioni, basi Bi Somoe haoni. Akaipandisha.

Alipofika kwa wafiwa alifanya kazi kwelikweli, kama kwamba mikono inataka kulipia kidole. Alijaza mapipa, akamenya mihogo, akawasha mafiga. Watu walipoanza kuzama kwenye kilio akaingia chumbani kwa Abilahi, akatoka amevaa kofia yake ngumu ya akiba na koti lake la kung'aa, akaanza kuwafukuzia waombolezaji uani: "Mama twende! Shangazi twende! Nangurukuru, Nangurukuru! Sheikh, nakupeleka kwa bei ya uongo!" Wanawake walilia wakicheka. Fakihi mwenyewe, aliyekuwa amekauka kama gogo, alitoa sauti fulani puani.

Katikati ya hiyo shamrashamra alichungulia simu. Picha ilikuwa imechemka. Na kati ya maoni yote kulikuwa na moja la msichana asiyemjua, aliyekuwa anasafiri kutoka Lindi:

"Jamani nimecheka hadi machozi nikamwonyesha bibi niliyekaa naye kwenye gari, kaikodolea macho, kasema Abilahi, kaanguka chini. Gari limesimama. Naomba dua zenu, sijui ana nini huyu bibi."

Chini yake wafuasi walikuwa wameshajibu. Vikatuni vya kicheko, safu kwa safu. Mmoja kaandika, "Bosi kapata abiria wa pili."

Mboni alisoma akarudia. Kofia ya marehemu ilikuwa bado kichwani, jasho lake linashuka ndani yake. Akasikia gari linasimama nje, na sauti za wazee waliokuwa wakisubiri njia panda, sauti zisizokuwa za chini tena.

Walimwingiza Bi Somoe wamembeba kwenye kanga. Alikuwa hai. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka, mkono wa kulia unaning'inia, na macho yake yakawa yanazunguka uani yanatafuta mtu. Yakamkuta Mboni, ndani ya koti la kung'aa. Bi Somoe akafungua mdomo kusema, ukatoka mlio tu. Mpaka leo ni mlio tu.

Yule msichana wa kwenye gari alikuwa amewasindikiza. Alikuwa analia, anamwonyesha kila mtu simu yake, "Mimi sikujua, mimi nilimwonyesha hii tu." Simu ikazunguka mkono kwa mkono ikamfikia Fakihi. Akaiangalia, akamrudishia msichana. Akaenda mpaka aliposimama Mboni.

Mboni alitamani atukanwe. Mtani akikosea anatukanwa, anapigwa faini ya kuku, anagaragazwa kwenye matope, watu wanashangilia, yanaisha. Aliinamisha kichwa akasubiri.

"Naomba hivyo vitu," Fakihi akasema taratibu. Akapokea kofia, akapokea koti, akavikunja. "Ahsante. Sasa nenda kapumzike, dada Mboni. Umefanya kazi nyingi."

Dada. Katika maisha yao yote alishamwita kunguru, fisi, mke wa shetani, mwizi wa sanda. Dada hakuwahi. Dada anaitwa mtu baki.

Baada ya siku za matanga Mboni alimchukua mjomba wake, Mzee Ibrahimu, wakaenda na kuku wawili kuomba yaishe. Fakihi aliwakaribisha vizuri mno. Alileta mkeka mpya. Alimwamkia Mzee Ibrahimu shikamoo, jambo ambalo hakuna mtani aliyewahi kumfanyia mzee yule bila kuongeza tusi.

"Tumeshasamehe," akasema. "Mambo ya Mungu."

"Usinisamehe," Mboni akasema. "Nitoze. Sema mbuzi, nitaleta mbuzi. Nigaragaze mbele ya watu. Fakihi, nitukane."

"Kwa nini nikutukane, dada? Hatuna ugomvi na nyie."

Chumbani Bi Somoe alitoa ule mlio wake. Fakihi akainuka kwenda kumgeuza, na wageni wakaelewa kwamba wameagwa. Kuku wakarudi walikotoka, maana faini isiyopokelewa haiachwi uani kwa watu.

Mboni aliufuta ukurasa. Haikusaidia. Picha ya Abilahi ilikuwa imeshatoa mbegu: watu waliigeuza vikatuni vya kubandika kwenye mazungumzo, ikawa inatumika kuitana kwenda kunywa supu. "Bosi, twende?" Watu wasiojua kama kuna Kivinje duniani walimcheka Abilahi kila siku, bure, bila kuchota hata kikombe cha maji. Wafuasi nao walihamia Kaburi TV kwa mkupuo, na mambo yao yote, na kusahihishana kwao. Witness alibaki kumpigia Mboni mara moja moja. Hawakuwa na la kuongea, lakini walikuwa wanapigiana.

Mama alikufa mwezi wa Shaabani, baada ya adhuhuri, mkono wake kwenye mkono wa bintiye. Siku zile za mwisho aliuliza mara nyingi, "Fakihi mbona haji kunitukana?" Mboni akajibu ana shughuli. Mama hakuuliza shughuli gani. Pengine aliambiwa na majirani, pengine alijua ile nusu yake.

Na Fakihi alikuja. Ukoo mzima ulikuja, hilo hawakulikosea. Walikuja na kanzu zilizopigwa pasi, wakatoa salamu, wakaketi safu moja mkekani, wakasoma Yasini kwa sauti nzuri, wakaweka mkono wa pole kwenye sahani. "Poleni sana. Mungu amlaze pema." Hakuna aliyeiba sufuria. Hakuna aliyejilaza mlangoni. Kanga ya njano ilikuwa kwenye kamba, upepo unaivaa wenyewe, na wanawake wa Kivinje waliitazama, wakamtazama Fakihi, wakatazama chini. Mashangazi wa Mboni walilia mpaka sauti zikakauka, maana hapakuwa na wa kuwakatiza.

Witness akapiga simu.

"Dada, nimejaribu kuwazuia. Sijaweza. Usiingie mtandaoni leo."

Akaingia. Kaburi TV walikuwa wamemchora mama yake. Wamempa mwili mnene na kilemba cha mwanamke wa sinema, anamfokea malaika kwa kuchelewa. Mama yake hakuwahi kumfokea mtu. Wamesahau uvimbe wa miguu. Wamesahau jinsi alivyocheka kwa uangalifu. Maelfu walikuwa wanacheka, na Mboni alishuka na maoni mpaka chini akitafuta hata mtu mmoja aliyeandika "si yeye". Hakumwona.

Mzee Ibrahimu akamwita pembeni, nyuma ya jiko. Alikuwa anaona haya.

"Mwanangu, kule makaburini kuna jambo."

"Jambo gani, mjomba?"

"Jembe la kwanza ni la watani. Wamekaa. Wamesema wao ni wageni tu, wanafuata wenyeji. Na vijana wetu wa mtaani hawakubali kutangulia, wanasema ni mkosi kulichukua jembe la wenyewe. Jua linakwenda." Akakohoa. "Nimepata wale wachimba mitaro wa Masoko. Hawana watani huku, hawajali. Ila wao wanachimba kwa hela, na wanataka mkononi kabla ya kuanza."

Mboni akafungua fundo la kanga yake.

Kaburi la mtu mzima, udongo wa mawe, ni shilingi elfu tisini.